Gramu Mbili za Grisi

Hivi wewe umewahi kumwona mtu mzima, mwenye wajukuu tisa, akipima grisi kwa mizani ya sonara? Kama hujamwona, kaa nikusimulie habari za mume wangu. Usinikatize tu, maana mimi nikikatizwa huanza upya tangu mwanzo.

Mume wangu alikuwa fundi wa mizani. Miaka thelathini na nane alizunguka duka hadi duka na sanduku lake la mawe ya shaba, anakagua mizani za watu, anazinyoosha, anazipiga muhuri. Mtaani walimwita Bwana Gramu. Nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Nikimwambia aniongezee chai kidogo, anashika birika juu juu na kuuliza, "Kidogo kiasi gani?" Alipostaafu nikadhani atapumzika, na mimi nipumzike. Badala yake akaja na trela.

Ilikuwa nyumba ndogo ya magurudumu mawili, ile ya kufungwa nyuma ya gari, ambayo zamani wahandisi wa barabara walikuwa wakilala ndani yake. Ilikuwa na kitanda cha watu wawili wasio wanene, jiko la gesi la mafiga mawili, kabati lenye mlango usiotaka kufunga, na pazia la maua ambalo nililifua mara tatu kabla maji hayajaacha kutoka meusi. Akaiegesha uani, kando ya kamba yangu ya nguo, akarudi nyuma hatua tano kuitazama.

"Mama watoto," akasema, "tutaivuta kwa pikapu mpaka ziwani. Tukichoka tunalala. Tukiamka tunaendelea."

Mimi ziwa sikulitaka. Maji nayaona kila siku kwenye ndoo. Nilichokitaka kilikuwa njiani, kabla ya kufika ziwani: nyumba yenye geti la bluu, kwenye kona ya barabara kuu. Hapo anakaa dada yangu, tumbo moja, yeye wa kwanza mimi wa pili.

Sasa sikiliza kwa nini sikusema. Miaka kumi na moja nyuma, mume wangu aliingia dukani kwa dada yangu na sanduku lake la mawe. Akaipima mizani yake ya sukari. Akaipima tena. Halafu, mbele ya wateja, akasema kwa ile sauti yake ya kusoma matangazo, "Shemeji, mizani yako inaiba gramu hamsini kwa kila kilo."

Dada yangu si mtu wa kuambiwa hivyo hata mkiwa wawili chumbani. Akamjibu kuwa mizani yake haijawahi kuiba, ila mume wangu ndiye aliyemwiba mdogo wake na bado wanamkarimu. Akamwonyesha mlango kwa kile kijiko kikubwa cha sukari. Mume wangu akarudi nyumbani, akatundika koti, akatamka maneno haya, nayakumbuka kama yalivyo: "Kuanzia leo, habari za nyumba ile mtu asiniambie."

Nami sikumwambia. Nilikuwa nazungumza na dada kwa simu kila Jumapili asubuhi, nimejibanza nyuma ya tangi la maji, nanong'ona kama msichana mwenye mchumba wa siri. Miaka kumi na moja. Kumtembelea sikuweza, kwa sababu kuaga lazima useme unakokwenda, na mimi kudanganya ninajua kidogo tu. Nitakuonyesha hapo mbele jinsi ninavyojua kidogo.

Basi Jumapili moja dada akanipigia, hata salamu hakumaliza.

"Mdogo wangu, jicho la kushoto limekwishazima. La kulia nalo linaaga. Daktari amesema mpaka mwisho wa mwaka nitakuwa naona mwanga tu."

Maji yalikuwa yanadondoka ndani ya tangi.

"Usinililie kwenye simu, naona kwa shida lakini nasikia vizuri," akasema. "Njoo nikuone uso. Nataka nijue umezeeka kiasi gani, nifurahi. Ukichelewa utakuwa sauti tu, na sauti yako sijawahi kuipenda."

Nilitoka nyuma ya tangi nikamkuta mume wangu uani, ameipandisha trela kwenye jeki.

"Mwezi huu tunaondoka," akasema, "ila kwanza nifanye beringi na breki."

Nikasema moyoni, beringi na breki ni kazi ya siku moja. Sikumkumbuka ninayesema habari zake.

Kazi yenyewe nitakueleza, maana niliitazama wiki tatu nzima mpaka leo naweza kuifanya nimefumba macho. Ndani ya kila gurudumu kuna habu, ule moyo wa gurudumu unaozunguka kwenye ekseli. Ndani ya habu mna beringi mbili, kubwa ya ndani na ndogo ya nje, kila moja ina vyuma vya mviringo kama punje za mahindi zilizojipanga kwenye pete. Unazitoa, unaziosha kwa mafuta ya taa mpaka zing'ae, unazikausha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, unazikagua kama zina vidonda. Kisha unaweka grisi kwenye kiganja, unaikandamizia beringi mpaka grisi itokeze upande wa pili. Watu wote duniani wanaishia hapo na kuzirudisha.

Mume wangu hakuishia hapo. Alitandika shuka langu kuukuu la kitandani, akapanga kila kitu kwa mstari kwa kadiri kilivyotoka: kifuniko, pini, nati, washa, beringi. Kila kimoja akakiandikia namba kwa chaki. Halafu akaingia ndani akatoka na mizani yake ya sonara, ile ya vitanga viwili, ambayo skrubu yake alikuwa ameiziba kwa nta na kuipiga muhuri kwa mkono wake siku aliyostaafu. Akaipima beringi ikiwa tupu. Akaipaka grisi. Akaipima tena.

"Gramu thelathini," akasema. "Kila beringi kubwa itabeba gramu thelathini, isizidi, isipungue. Gurudumu moja likiwa limeshiba na lingine lina njaa, trela itavuta upande."

Jirani yetu, fundi wa pikipiki, alikuwa amejiegemeza kwenye ukuta wa uani, anakula karanga.

"Mzee," akasema, "grisi inapimwa kwa kiganja."

"Kiganja chako kina gramu ngapi?"

"Sijui."

"Basi hujui unachokisema."

Fundi wa pikipiki akanigeukia mimi. "Bibi, pole. Hii trela inakwenda barabarani au inakwenda kuposa?"

Siku ya kwanza mume wangu akamaliza gurudumu la kushoto. Siku ya pili akamaliza la kulia. Siku ya tatu, kwa kuhakikisha tu, akalifungua tena la kushoto, akapima. Limepungua gramu mbili.

"Haiwezekani," akasema.

Akaongeza gramu mbili. Akaenda la kulia. Limezidi. Akapunguza. Akarudi la kushoto. Wiki ikaisha hivyo. Akashuku mafuta ya taa kwamba hayakukauka. Akashuku kopo la grisi. Siku ya tisa akamshuku fundi wa pikipiki kwamba anaingia uani kuja kulamba grisi.

"Nilambe grisi yako, mzee? Nina karanga."

Breki nazo zilikuwa wazi wakati wote huo. Trela ile haina pedeli ya breki. Gari likipunguza mwendo, trela inalisukuma kwa nyuma, na msukumo wenyewe ndio unaovuta waya wa breki. Ndani ya dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, kuna breki shuu mbili zilizopinda kama mwezi mchanga, zinajitanua zikabana. Tone moja la grisi likizigusa, hazibani tena, zinateleza. Kwa hiyo mume wangu alizifunika kwa kofia zangu za plastiki za kuogea, moja kushoto moja kulia, na mimi nikaoga wiki tatu nywele zikilowa.

Dada akapiga Jumapili nyingine. "Mko wapi?"

"Bado beringi."

"Bado nini?"

"Grisi imepungua gramu mbili."

"Mwambie huyo mpima watu kwamba jicho langu nalo linapungua, wala halihitaji mizani."

Siku ya kumi na tisa, alfajiri, nikiwa jikoni nakanda mkate, mkono wangu ukasimama katikati ya unga. Mwenzangu, mimi hamira siipimi kwa kijiko. Mkate wangu ukiwa na hamira nyingi unanuka, ikiwa kidogo unakaa kama tofali. Nina miaka mingi kila alfajiri natoa ile mizani ya sonara kabatini mume wangu akiwa bado anakoroma, napima hamira gramu kumi, naifuta juu, nairudisha. Juu nafuta. Chini ya kitanga sijawahi kutazama.

Nikakigeuza kitanga. Palikuwa na unga ulioganda, kutoka kwenye vidole vyangu vyenye maji, umejaa kwenye ukingo kama utando wa ukoko. Siku nikikanda, donge linaongezeka; siku likikauka, kipande kinadondoka. Wiki tatu mume wangu alikuwa anapima grisi pamoja na mkate wangu.

Nikakikwangua kwa ukucha, nikakiosha, nikakikausha, nikakirudisha. Nikasema, nimemsaidia, leo atamaliza.

Leo gani! Alipopima asubuhi ile, beringi zote nne zilikuwa na makosa. Alikaa chini juu ya tairi la akiba, mikono imening'inia, grisi mpaka kwenye viwiko. Sijawahi kumwona vile, hata siku aliyostaafu.

"Mama watoto," akasema polepole, "nadhani nimezeeka. Mikono yangu haijui tena. Tuiuze hii trela."

Fundi wa pikipiki juu ya ukuta akaacha kutafuna.

Sasa nikawa na mambo mawili mkononi. Nikinyamaza, trela inauzwa na dada yangu anakuwa gizani kabla sijafika. Nikisema, ninamwambia fundi wa mizani kwamba mizani yake mwenyewe, yenye muhuri wake mwenyewe, imekuwa ya uongo ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Si mikono," nikasema. "Ni mkate."

Nikamweleza yote, hamira, vidole, ukoko. Sikuacha hata punje. Akainuka, akakichukua kitanga, akakigeuza chini juu, akakipitisha kidole. Akakigeuza tena. Akakigeuza mara ya tatu, mara ya nne, mpaka nikaanza kuchagua vya kuokoa jikoni.

"Hukukagua kabla ya kazi, mzee?" fundi wa pikipiki akauliza, na sauti yake haikuwa na kejeli nyingi.

"Mizani niliyoipiga muhuri mimi?" mume wangu akasema. "Ningeikagua vipi? Ni kama kumpekua mama yangu mifukoni." Halafu akasema neno ambalo sikulielewa siku ile: "Miaka yote hiyo nilikuwa nakagua juu tu. Chini sikuwahi kugeuza."

Jioni ile alipaka grisi kwa kiganja. Hakupima. Aliziingiza beringi, akaweka sili mpya ya mpira ili grisi isitoroke kwenda kwenye breki, akakaza nati huku gurudumu likizungushwa, akailegeza kidogo, akaikaza tena kwa vidole tu, akapitisha pini akaikunja masikio. Akakaza breki mpaka shuu zikakwaruza, kisha akazirudisha nyuma kidogo. Nikazungusha gurudumu kwa kidole kimoja. Likazunguka kimya kabisa.

"Tunaondoka keshokutwa," akasema. "Na beringi ikishafunguliwa haiaminiki. Kila kilomita themanini tunasimama, tunagusa habu. Ikiwa vuguvugu, sawa. Ikituunguza, tunalala hapo hapo."

Tunalala hapo hapo! Maneno hayo yakaniingia kama tone la asali. Nikamfuata fundi wa pikipiki ukutani, maana yeye huenda upande ule kuchukua vipuri.

"Kutoka getini kwetu mpaka ile kona yenye geti la bluu ni kilomita ngapi?"

"Mia na sitini na nne, bibi. Kuna nini huko?"

"Kula karanga zako."

Nikaingia jikoni na kalamu, nikaandika kwenye mfuko wa unga. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hesabu za kujumlisha sikuziacha shuleni. Themanini na themanini ni mia na sitini. Zinabaki nne. Kwa hiyo tukisimama kilomita ya mia na sitini, tutasimama kwenye mashamba matupu, kisha tutapita geti la bluu tukiwa tunakimbia. Nikakuna kichwa na kalamu. Kumbe dawa ni moja: tusimame kilomita ya nne. Nne, jumlisha themanini, jumlisha themanini. Geti la bluu. Hapo nitagusa habu, nitapiga kelele kuwa inaunguza, na mengine Mungu atapanga.

Siku ya safari ikafika. Trela nyuma, mkate kwenye kikapu, mume wangu ameketi wima kama anapigwa picha. Nikawa natazama ile mita ndogo ya kilomita za safari. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

"Simama!" nikasema. "Nimesahau miwani yangu!"

Akasimama. Akanitazama. Nikatafuta kwenye mkoba, nikatafuta chini ya kiti.

"Aa, basi," nikasema, "nimeipata."

"Vizuri," akasema. "Kwa kuwa tumesimama, niguse habu." Akashuka, akagusa kushoto, akagusa kulia, akarudi, akairudisha mita ndogo kwenye sifuri. Nilitamani kupiga vigelegele.

Kilomita themanini baadaye tukasimama mbele ya kibanda cha kuziba pancha. Akagusa kushoto. Akagusa kulia, akakaa na kiganja pale.

"Hii ya kulia ina joto kuzidi mwenzake. Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?" nikauliza, maana roho ilikuwa imenidondoka.

"Upande huo ndio ulio juani. Lakini kwa usalama sasa tutasimama kila arobaini."

Kila arobaini! Mpango wangu ukavunjika mikononi. Tukaondoka, nimekunja uso, sikumkatia hata mkate. Tulikuwa tumekwenda kama kilomita kumi ndipo ikanijia kwamba arobaini na arobaini ni themanini. Nikamkatia kipande kinene.

Tukasimama arobaini, habu zote vuguvugu. Tukaondoka. Kona ile nilianza kuijua kwa mbali, ule mnazi mmoja umekatwa lakini nyumba bado zipo, kisha paa la duka, kisha geti. Rangi ya bluu imechujuka. Gari likapunguza mwendo, trela ikatusukuma taratibu, breki zikashika bila kelele, tukasimama mbele ya geti kabisa.

Nikashuka mbio kabla yake. Nikaweka kiganja kwenye habu ya kulia.

"Uuuwi!" nikapiga kelele. "Inaunguza! Imechemka! Hatuwezi kwenda hata hatua moja, baba watoto, leo tumelala hapa hapa!"

Akaja. Akaweka kiganja chake kando ya changu. Habu ilikuwa vuguvugu kama mkono wa mtoto aliyelala. Akaenda nyuma, akatoa vipande vya mbao, akaweka kimoja mbele ya tairi, kimoja nyuma. Akaenda upande wa pili, akaweka viwili vingine. Akateremsha miguu ya trela, akaikaza. Akafungua kile kichwa cha trela kutoka kwenye pikapu. Mimi nilikuwa bado nimeshika habu.

"Unaweza kuitoa mikono," akasema. "Haijaungua."

"Baba watoto..."

"Miwani ulikuwa umeivaa," akasema. "Kilomita ya nne. Ulikuwa unaitafuta mkobani huku umeivaa usoni. Nikarudi kwenye hesabu nikaona inaangukia wapi. Na tangi la maji, mama watoto, ni la bati. Linapiga mwangwi. Nimesikia kila Jumapili miaka kumi na moja. Na la jicho nimelisikia."

Nikatazama grisi kwenye kucha zake.

"Sasa ukaninyamazia na wewe?"

"Nilisema nisiambiwe. Ningesemaje kuwa nimesikia?" Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Juzi nilipokigeuza kile kitanga, nikakumbuka mizani ya duka hili. Sukari inaganda kuliko unga. Sikuigeuza. Nilimwita shemeji mwizi mbele ya watu bila kugeuza kitanga."

Ndani ya geti sauti ikaita, sauti ninayoijua kuliko yangu. "Nani amenizibia geti na hilo lidude leupe? Naona weupe tu hapo, ondoeni!"

Mume wangu akasimama wima, akavuta koti lake. Halafu akanigeukia.

"Yale maneno niliyosema siku ile nimeyafuta," akasema. "Kwa hiyo niambie. Tumekuja kufanya nini hapa? Sema wewe mwenyewe."

Nikajifuta mikono kwenye gauni, alama ya grisi ikabaki mpaka leo.

"Nataka kumwona dada yangu," nikasema. "Siku tatu, si moja. Na wewe uingie mbele, uombe mizani yake, uigeuze chini."